Maboma matatu, mvua tatu, na neno "umeazimia"

Nashona sare za shule. Kila Januari naijua idadi ya watoto wa darasa la kwanza mapema kuliko watu wengi mjini kwetu, maana naihesabu kwa mita za kitambaa. Januari 2021 wanangu pacha walikuwa kwenye hesabu hiyo. Nilipowapeleka siku ya kwanza nikakuta watoto 131 kwenye chumba kimoja, wakati kiwango cha serikali ni watoto 45. Kulwa alipata nafasi kwenye dawati, Doto akakaa sakafuni. Sketi niliyoimaliza usiku wa kuamkia siku ile ilirudi jioni na duara la vumbi jekundu nyuma, na nilipokuwa naifua nililia.

Ndiyo maana jina langu lilipotajwa kwenye mkutano wa wazazi niingie Kamati ya Shule, sikukataa. Mwaka haukuisha nikawa mwenyekiti. Mji wetu ni mdogo, uko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mji wa mbao na viazi. Siutaji, kwa sababu watu nitakaowasimulia bado wapo na wengi wao hawakunikosea kwa makusudi. Naandika kwa ajili ya mzazi mwenzangu atakayechaguliwa kesho kwenye kamati kama ile, akiwa na moyo wa kazi na hajui mlango upi unaingia wapi. Mimi ujinga huo ulinigharimu miaka minne, na kuna mtu mwingine ulimgharimu zaidi.

Mwishoni mwa 2021 zilikuja fedha za UVIKO-19 za madarasa 15,000 nchi nzima. Kati ya hayo, 12,000 yalikuwa ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Sekondari ya jirani yetu ikapata vyumba vipya ndani ya miezi michache, vimepakwa rangi, vinang'aa. Sisi ni shule ya msingi, tena si shikizi, kwa hiyo hatukuwemo. Wazazi wakaanza kuniuliza dukani: "Mama Pacha, na sisi lini?" Nikaona kumngoja mtu ni uzembe.

Kuna kauli ambayo kila mtu kwetu anaijua: nyie nyanyueni boma mpaka lenta, Halmashauri itaezeka. Boma ni kuta zisizo na paa, na lenta ni mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Tuliambiwa hivyo kwenye mkutano wa hadhara, tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza itaezeka lini, kwa fungu gani, na kauli hiyo imeandikwa wapi. Sikuuliza hata mimi niliyekuwa mbele. Tukakubaliana kila kaya itoe Sh 20,000, wanaume wafyatue na kuchoma tofali, kina mama tusombe maji na mchanga. Kati ya Aprili na Agosti 2022 tulinyanyua maboma matatu. Nisiseme uongo, ile ilikuwa miezi ya furaha kubwa kwangu. Watu ambao hawakuwa wakisalimiana walibeba zege pamoja.

Kosa la kwanza lilikuwa ndani ya furaha hiyo. Mchango ulipoanza kusuasua, nilimwomba mwalimu mkuu anipe orodha ya watoto ambao wazazi wao hawajatoa. Nilikuwa na nia ya kuwapitia wazazi majumbani. Orodha ikapita kwa mwalimu wa zamu, na mwalimu wa zamu akawasimamisha mstarini watoto kumi na mmoja, akawarudisha nyumbani. Mmoja wao analelewa na bibi yake. Bibi hakuja kwangu wala shuleni. Alijifunga kanga akaenda moja kwa moja ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na alikuwa na haki. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi haina ada, na tangu 2018 agizo la nchi ni kwamba mwalimu asijihusishe na kukusanya michango na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango.

Mwalimu mkuu akaandikiwa barua ya kujieleza. Septemba akahamishwa kwenda shule ya mbali, barabara ya vumbi, akamwacha mkewe mjini na kazi yake. Katika maelezo yake hakulitaja jina langu. Nilijua kwamba chanzo ni mimi, nikanyamaza, nikijiambia kwamba nikisema nitaharibu ujenzi. Hakuna siku niliyojisamehe kwa unyamavu ule.

Basi ukitaka kuchangisha, mwalimu asishike hata daftari. Uamuzi utoke kwenye mkutano wa mtaa, kamati ya ujenzi ya wananchi ndiyo ikusanye kwa stakabadhi, Mkurugenzi ajulishwe kwa barua kabla hamjaanza, na orodha ya wasiotoa isiingie lango la shule. Asiyekuwa nacho aje afanye kazi, au asamehewe mbele ya mkutano. Yule bibi angeombwa vizuri angeleta maji ndoo mbili kila siku, na mwaka uliofuata ndivyo alivyofanya.

Novemba mvua zikaanza, maboma yakiwa uchi. Tofali za juu zikaanza kulainika. Kabla ya Krismasi boma la tatu lilikuwa na ufa unaoingiza kidole.

Mwishoni mwa Aprili 2023 nikasikia Baraza la Madiwani linakaa. Wengi hawajui kwamba Baraza kamili ni mkutano wa wazi: hukaa kila robo mwaka na mwananchi yeyote anaweza kuingia, akakaa nyuma akasikiliza. Lakini haruhusiwi kusema. Hilo la mwisho sikulijua. Tulikwenda wazazi kumi na wawili. Madiwani wamevaa majoho, wanaitana Mheshimiwa, wanasoma taarifa za kata moja moja. Taarifa ya kata yetu ikasomwa ikaisha, shule yetu haikutajwa. Nikasimama nikapaza sauti. Nilisema diwani wetu ametudanganya, amekula makofi yetu ametutupa. Mgambo akanishika mkono kwa upole, akanitoa. Nikiwa mlangoni nilimwona diwani wetu ameinamisha kichwa, anapanga karatasi ambazo zilikuwa tayari zimepangwa.

Kwa miezi minne hakupokea simu yangu. Watu mtaani walinisifu kwa ujasiri, na sifa zile zilinidanganya kidogo. Ukweli ni kwamba siku ile hatukupata hata msumari, na hata ningeruhusiwa kusema kwa saa nzima tusingepata. Bajeti ya mwaka uliofuata ilikuwa imeshapitishwa Februari. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini sufuria linafunikwa mapema zaidi. Nilikuwa nagombana na watu wanaosafisha vyombo.

Agosti nilikwenda nyumbani kwa diwani kumwomba radhi. Mkewe alinipokea: "Kamwene, mama. Karibu ndani." Mheshimiwa alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaingia chumbani akatoka na faili la Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile tunayoiita WDC, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndiye katibu. Akafungua muhtasari wa Novemba 2022, akaweka kidole.

Mstari ulisomeka hivi: "Wajumbe walijadili kuhusu maendeleo ya shule." Basi. Hakuna kingine.

"Mama Pacha," akasema, "mimi kule nasimama na karatasi. Karatasi yako haiombi kitu. Nikisimama bila karatasi, Mkurugenzi ananiuliza, Mheshimiwa, hilo limetoka kikao gani?"

Nikafuatilia nyuma. Muhtasari wa mtaa nao ulikuwa hivyo hivyo: wananchi walizungumzia suala la madarasa. Tulikuwa tumezungumza saa tatu juani, watu wametoa machozi, na yote yakawa neno "walizungumzia". Hakuna aliyetuhujumu. Mtendaji wa mtaa aliandika alichosikia, na alichosikia ni mazungumzo. Hatukuwa tumeazimia.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote niliyoandika hapa. Kabla mkutano haujafungwa, simama uombe azimio lisomwe kwa sauti. Lisomeke: "Mkutano umeazimia kuiomba Halmashauri kuezeka na kukamilisha vyumba viwili vya madarasa katika shule fulani, kwa makisio ya shilingi kadhaa, katika mwaka wa fedha fulani." Lina kitu, idadi, mahali, kiasi na mwaka. Watu wanyooshe mikono, mikono ihesabiwe, hesabu iandikwe. Orodha ya mahudhurio iwe na sahihi, isiwe majina yaliyoandikwa kwa mkono mmoja. Kisha usiondoke bila nakala yenye sahihi na muhuri. Sisi mkutano wetu wa kwanza wa Oktoba 2023 ulikataliwa na kata kwa sababu watu walisaini nyuma ya karatasi ya tangazo la chanjo. Tukarudia wiki mbili baadaye na daftari jipya.

Tuliomba vyumba viwili, ingawa tulikuwa na maboma matatu. Kuamua hivyo kulitugawa, maana boma la tatu lilikuwa limejengwa na watu wa upande wa bondeni na walijiona wametupwa. Lakini Halmashauri ina ukomo wa bajeti, na Afisa Mipango alinieleza wazi kwamba ombi kubwa la kata moja ndilo la kwanza kukatwa, na likikatwa mara nyingi linakatwa lote. Huyu Afisa Mipango mtafute. Nilipoteza miaka nikimfuata diwani na Mkurugenzi, kumbe rasimu ya bajeti hupikwa Desemba na Januari na wakuu wa idara, yeye akikusanya. Alinipokea vizuri, akaniuliza swali moja tu: makisio ya gharama yako wapi?

Makisio hutolewa na mhandisi wa Halmashauri. Hapa nina jambo la kukiri. Nilipoambiwa gari halina mafuta, nilitoa Sh 30,000 zangu ili mhandisi aje aone maboma. Akaja, akapima, akaandika. Wakati ule niliona nimekuwa mjanja. Baadaye mzazi wa shule nyingine alikwenda kwa ombi kama letu, naye akaambiwa mafuta, na hakuwa na elfu thelathini. Nilikuwa nimesaidia kuweka bei. Siku hizi naandika barua kwa Mkurugenzi kuomba mtaalamu, napeleka nakala mbili, moja inabaki kwao na nyingine inagongewa muhuri wa kupokelewa narudi nayo. Inachelewa wiki tatu, lakini anakuja.

Muhuri ule wa kupokelewa usiudharau. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 kukujibu ukiomba taarifa kwa maandishi, na siku hizo huwezi kuzihesabu kama huna tarehe. Mimi niliomba mchanganuo wa ruzuku ya shule yetu. Wazazi walikuwa wakisema mwalimu mkuu mpya ana hela, anazila. Hesabu ilipokuja ikatufunga midomo: ruzuku ya shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na inayofika shuleni ni 6,000. Kwa watoto wetu karibu 1,200 hiyo ni kama Sh 600,000 kwa mwezi, ya chaki, mitihani, michezo, vitasa na karatasi. Boma huliezeki kwa pesa hiyo. Nilibandika barua ile kwenye ubao wa matangazo wa shule na maneno yakapungua.

WDC ilikaa Novemba. Mtaa wa jirani walileta ombi la karavati, kwa sababu mvua ikinyesha watoto wao wanavushwa mgongoni. Sisi tulikuwa na makisio ya mhandisi, muhtasari wenye mikono 214, na picha za ufa. Wao walikuwa na hoja nzuri na muhtasari unaosema "walizungumzia". Tulishinda. Mama mmoja wa mtaa ule alinifuata nje akaniambia, "Hongera, dada," na alikuwa anasema kweli, na mimi nikashindwa kumtazama, kwa sababu nilijua hatukuwazidi shida. Tuliwazidi karatasi. Wiki iliyofuata nilikwenda kwao na nakala yangu ya azimio nikawaonyesha linavyoandikwa.

Februari 2024 nilirudi Barazani. Nilivaa gauni nililoshona kwa ajili ya siku ile, nikakaa nyuma, mikono mapajani. Mweka Hazina akasoma. Kurasa zikafunuliwa. Ukamilishaji wa maboma mawili, shule yetu, Sh milioni 25, fedha za mapato ya ndani. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyepinga, mwenyekiti akauliza wanaokubali, wakakubali ukurasa mzima. Diwani wetu aligeuka nyuma akanitafuta kwa macho. Akanipungia kalamu.

Nikadhani tumemaliza. Kuwa kwenye bajeti ni ahadi tu ya fedha zitakazokusanywa, na mapato ya ndani yanategemea ushuru wa masoko, wa mbao, leseni na vibali. Julai ikapita, Novemba mitaa yote ikaingia kwenye uchaguzi, mwenyekiti wetu wa mtaa akabadilika na ilibidi nimweleze mpya kila kitu tangu mwanzo. Mvua ya tatu ikayapiga maboma. Kila mwezi nilimkumbusha diwani, kwa sababu Kamati ya Fedha hukaa kila mwezi na diwani anayeuliza ndiye anayekumbukwa. Sikumpigia kelele. Nilimtumia ujumbe wa mistari miwili, wenye kifungu na kiasi. Fedha ziliingia akaunti ya shule Aprili 2025, na usipozitumia kabla ya 30 Juni unajitafutia maswali, kwa hiyo tulikuwa na wiki kumi.

Ujenzi wa namna hii husimamiwa na wananchi wenyewe kwa kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Watu hugombea ya manunuzi. Nakushauri watu wako makini zaidi uwaweke ya mapokezi. Yetu ilikuwa na mama anayeuza viazi sokoni, hajasoma zaidi ya darasa la saba. Mabati yaliposhushwa, stakabadhi inasema geji 28, fundi akayashika ukingoni akasema mbona mepesi. Muuzaji akaapa. Yule mama hakubishana. Alimtuma mwanawe sokoni alete mzani wake wa viazi, akaazima bati moja la geji 28 la urefu ule ule kwa jirani anayejenga, akayapima yote mawili mbele yetu. Mshale wa mzani ulipotulia kwenye bati la pili hakuna aliyekuwa na la kusema. Yale ya muuzaji yalikuwa geji 30, membamba zaidi. Akakunja fomu ya mapokezi bila kuisaini, akasema, "Rudisha, mwanangu. Watoto watakaa chini ya haya mabati miaka thelathini." Yalirudi yote, na keshokutwa yakaja yanayostahili.

Kwa pesa zangu mwenyewe, bodaboda, nakala, simu na yale mafuta, nilitumia kama Sh 260,000 kwa miaka hiyo minne, na hapo sijahesabu siku ambazo cherehani ililala. Januari 2024 nilipoteza oda ya sare za watoto arobaini kwa kukimbilia vikao. Mume wangu alinivumilia mpaka kuna siku alishindwa, tukakosana vibaya, na alikuwa na sababu. Mweleze mwenzako mapema kwamba jambo hili ni la miaka, si la wiki.

Vyumba vilifunguliwa Julai 2025. Pacha wangu walikuwa darasa la tano, hawakuvihitaji tena kwa namna nilivyokuwa nimewaza. Waliingia wadogo wa darasa la pili. Siku hiyo ndipo nilipopata nguvu ya kumpigia mwalimu mkuu wa zamani. Nilimwambia yote kuhusu ile orodha, kwamba nilijua na nikanyamaza. Akasema alijua kwamba najua. Kisha akauliza ubao umewekwa upande gani, na kama madirisha yako kushoto kwa watoto wanapoandika. Nilikwenda na simu mkononi mpaka ndani nikatazama. Yako kushoto. "Hapo sawa," akasema, na simu ikakata kwa sababu ya mtandao wa kule kwao. Nikampigia tena jioni.

Boma la tatu limebomolewa upande wenye ufa na watu wa bondeni wamechoma tofali mpya. Mhandisi ameshapita, safari hii kwa barua. Azimio nimelishaandika kwa penseli, bado idadi ya mikono. Mkutano wa mtaa ni Jumamosi ya pili ya Oktoba, saa tatu asubuhi, na daftari la mahudhurio nimeshalinunua.